Jinsi mchezo wa .hack ulivyomzingira mchezaji na umati usiokuwepo

MNAMO Juni 20, 2002, wapenzi wa michezo ya kompyuta nchini Japani waliuziwa diski iliyowaahidi jambo la ajabu: kuingia katika mchezo wa intaneti wenye maelfu ya wachezaji, bila ya kuunganisha mashine zao na intaneti.

Diski hiyo ilikuwa sehemu ya kwanza ya .hack, kazi ya kampuni ya CyberConnect2 ya mjini Fukuoka, na ilitolewa na Bandai kwa ajili ya mashine ya PlayStation 2. Sehemu nyingine tatu zilifuata, ya mwisho ikitoka Aprili 2003.

Mchezaji anapoiwasha mashine hapelekwi vitani moja kwa moja. Anachokiona ni skrini ya kompyuta ya kawaida yenye baruapepe, habari na ubao wa majadiliano. Hapo ndipo anapofungua mchezo uitwao The World, ambao wahusika wa hadithi huingia wakiwa wamevaa kifaa cha kichwani kinachowafanya wajione wamo ndani yake. Ni mchezo ndani ya mchezo. Wenzake anaokutana nao humo hutaniana, hununa, huomba msaada na hata kumwandikia barua. Hakuna aliye binadamu miongoni mwao. Wote wamo ndani ya diski.

Kisa chenyewe kimewekwa katika mwaka wa 2010, ambao wakati huo ulikuwa bado u mbali. Kijana anayetumia jina la Kite anaalikwa na rafiki yake, Orca, mchezaji mwenye sifa kubwa. Siku hiyo ya kwanza, jitu la ajabu linamshambulia Orca. Yeye hashindwi tu mchezoni, kwani mvulana aliyekuwa ameketi nyumbani akimchezesha Orca anapoteza fahamu, na madaktari wanashindwa kumwamsha.

Hapa ndipo .hack inapoingia katika fani ya saibapanki, yaani hadithi za siku zijazo ambamo mitambo imeendelea mno ilhali binadamu yumo mikononi mwa makampuni. Si ajabu, kwani mmoja wa waandishi wake, Kazunori Ito, ndiye aliyeandika filamu ya Ghost in the Shell ya mwaka wa 1995.

Kampuni inayomiliki The World haiko tayari kukiri kwamba mchezo wake unadhuru watu. Badala yake, msimamizi wake anatishia kumfuta Kite, eti kikuku alicho nacho mkononi ni haramu. Kikuku hicho kinaweza kunyonya data za adui aliyeambukizwa kirusi, lakini kila kinapotumiwa uchafu huo humrudia mwenyewe. Akizidisha, mchezo unaweza kukatika papo hapo na kumpotezea jasho la saa nzima.

Kiini cha maafa ni Morganna, programu iliyoundwa ili kumlea Aura, kiumbe mwenye akili anayetarajiwa kuzaliwa ndani ya mitambo. Morganna alipong'amua kwamba Aura akikomaa yeye hatakuwa na kazi tena, aligeuka kuwa adui wa mtoto aliyekabidhiwa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kasoro hazikukosekana. Mapango ya kupigania yanafanana mno, na kukigawa kisa kimoja katika diski nne zilizouzwa mbalimbali kuliwaudhi wengi, ingawa kila moja iliambatana na filamu ya katuni.

Hata hivyo, walioucheza huwakumbuka zaidi wenzao wa safarini kuliko vita. BlackRose, msichana mwenye maneno makali, anaonekana kuwa mtu wa kujitapa tu hadi inapobainika kwamba ndugu yake naye amelala bila fahamu. Barua za wenzake humfikia mchezaji usiku baada ya usiku. Huzifungua, huchagua maneno ya kujibu, kisha huzituma, ingawa anajua fika kwamba hakuna mtu wa kuzisoma.