Siti ya Kisasa Ndani ya Land Rover ya Zamani

Land Rover Series III, iliyotengenezwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985, ni gari la barabara za milimani kama ile inayoteremka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, lakini siti zake zinaumiza mgongo. Kumfungia dereva siti iliyotolewa kwenye Toyota ya karibuni iliyopata ajali ni wazo jema, mradi fundi aelewe kwamba kazi kubwa haiko kwenye kitambaa. Siti hukaa juu ya boksi la bati la alumini, na mara nyingi tangi la mafuta limo humo humo, chini ya dereva. Bolti iliyokazwa kwenye bati tupu itachomoka gari likigonga. Inahitaji bamba la chuma chini yake, lililoshikana na chasi. Na fundi asichomelee chochote hapo kabla tangi halijatolewa!

Wapo watakaosema gari la kale liachwe lilivyozaliwa. Kwa gari la maonyesho, sawa. Kwa linalobeba kahawa na watu, siti yenye kizuizi cha kichwa huokoa shingo, na ya asili inaweza kuhifadhiwa stoo. Pingamizi zito zaidi ni kwamba siti ya ajali huenda imepinda fremu au ina mfuko wa hewa ubavuni, ambao unaweza kulipuka ukichokonolewa. Siti ya namna hiyo iachwe. Hata iliyo nzima ipimwe kwanza: reli zake zikimwinua dereva hadi kichwa kikaribie paa, haifai.