Sherehe ya Viboko Mtaani Buyenzi

Mzazi wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambako Kiswahili ndicho kisemwacho barazani na sokoni, akiazimu kumfanyia mwanawe wa miaka minne sherehe ya kuzaliwa pasipo israfu, hana haja ya kutafuta mbali maudhui yake, kwani viboko wa Ziwa Tanganyika, watokao majini usiku kula majani kandokando ya jiji, wanajulikana na kila mtoto. Maboksi hukatwa yakawa nyuso za kiboko, kitenge cha buluu kikatandikwa kuwa ziwa, na maandazi yakarundikwa sinia tele. Wageni sita watosha. Wakizidi, kwa rai yangu, furaha hugeuka ghasia. Mchezo ni sahali: debe likilia viboko hutembea, likinyamaza huzama chini ya kitenge.