Mtoto wa Paka Anapoharisha

Ukurasa huu kwa kawaida ni wa afya ya watu. Mwezi huu tunamkaribisha paka, na sababu tunayo. Katika nyumba nyingi za Kibaha na Kisarawe paka si pambo. Ndiye mlinzi wa gunia la mahindi, wa makopa ya muhogo na wa chakula cha kuku bandani. Panya wakizidi, tunaomba mtoto wa paka kwa jirani, tunamtia katika kikapu na kumleta nyumbani, na watoto wanafurahi. Baada ya siku mbili tatu yule mgeni anaharisha na kunyong'onyea, na hawakosekani wa kusema kwamba nyumba hii haikubali paka.

Mara nyingi nyumba haina kosa. Kosa ni lile bakuli la maziwa.

Wengi wetu tumekua tukiamini kuwa paka na maziwa ni ndugu. Ni kweli, lakini maziwa hayo ni ya mama yake. Maziwa ya ng'ombe yana sukari ya maziwa nyingi zaidi na protini chache zaidi kuliko ya paka. Isitoshe, kadiri mtoto wa paka anavyokua, tumbo lake hupoteza uwezo wa kuimeng'enya sukari hiyo. Hubaki utumboni, huvuta maji, huchacha, na choo huwa majimaji. Kuyachemsha hakuondoi sukari hiyo. Kwa hiyo hatua ya kwanza anapoharisha ni kuondoa maziwa na kumwekea maji safi muda wote.

Umri nao ni jambo kubwa. Mtoto wa paka huanza kuonja chakula laini akiwa na wiki 4 hivi, na haifai kumtenga na mama yake kabla ya wiki 8. Jirani akikuharakisha umchukue mapema, mwombe avumilie. Siku ya kumchukua, uliza alikuwa akila nini, umpe hicho hicho siku za mwanzo, kisha umzoeshe chakula cha kwako kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja. Dagaa waoshwe mchanga na chumvi, wachemshwe bila kitunguu, wapondwe, kisha wachanganywe na wali au ugali kidogo. Kitunguu, kiwe maji au saumu, ni sumu kwa paka. Ugali mtupu haumtoshi, maana paka ni mla nyama. Mpe kidogo kidogo, mara nne kwa siku. Usimshindishe njaa kutwa nzima kwa nia ya kupumzisha tumbo, kwani mdogo hivyo huishiwa nguvu upesi.

Chakula kikiwa sawa na bado anaharisha, fikirini minyoo. Minyoo mirefu myeupe kama tambi humwingia kupitia maziwa ya mama yake, kwa hiyo hata paka asiyewahi kutoka nje anaweza kuwa nayo. Utaona tumbo limevimba kama ngoma huku mgongo umekonda. Fizi zikiwa nyeupe, huenda ni safura inayomnyonya damu. Vipande kama punje za mchele chini ya mkia ni tegu, aliyeletwa na viroboto. Dawa ya minyoo hutolewa kila baada ya wiki mbili tangu akiwa na wiki 3 hadi atimize wiki 8 au 9, kisha kila mwezi hadi miezi 6. Mpimeni kwanza, hata kwa mizani ya dukani, kwa sababu kidonge cha mbwa mkubwa si cha mnyama asiyefika kilo moja. Muuza dawa za mifugo atajieni uzito huo, na mmwambie wazi kwamba ni paka.

Hapa tunaomba tusikilizwe vizuri. Paracetamol humwua paka. Hata nusu kidonge chaweza kutosha. Vidonge vya kuharisha vilivyobaki kabatini visitumike. Tena wenye ng'ombe wasimpake paka dawa ya kupe ili kuua viroboto. Nyingi za dawa hizo humtia kutetemeka, akafa. Akiwa amekwisha kupakwa, mwosheni mara moja kwa sabuni na maji vuguvugu, mkaushe, kisha mkimbilie kwa daktari wa mifugo.

Kinachoua upesi katika kuharisha ni kukauka maji. Bana ngozi ya katikati ya mabega, kisha iachie. Ikirudi polepole, amepungukiwa maji. Hali hiyo, au damu katika choo, au kutapika mfululizo, au kukataa kula kwa nusu siku, si ya kungojea kesho. Upo ugonjwa wa virusi unaowapata paka wadogo kwa homa, kutapika na kuhara damu, nao humaliza mnyama kwa siku moja au mbili. Chanjo yake huanza kutolewa akiwa na wiki 6 hadi 8. Anzeni kwa ofisa mifugo wa kata yenu. Wengine humwona aibu kwa sababu ya paka, ilhali kwa kuku mmoja humwendea mbio.

Mwisho ni watoto wetu wenyewe. Mayai ya minyoo ya paka hukaa mchangani, na mtoto anayechezea mchanga huyameza kwa vidole. Mwekeeni paka boksi la mchanga au pumba za mbao, mlisafishe kila siku, kinyesi kizikwe, na mikono ioshwe kwa sabuni. Mama mjamzito asifanye kazi hiyo, maana kinyesi cha paka mdogo chaweza kuwa na vijidudu vya toksoplasma vinavyomdhuru mtoto tumboni. Vijidudu hivyo huhitaji siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza, ndiyo sababu tunasema kila siku. Kama hana wa kumsaidia, avae glavu.