Mgonjwa wa kisukari asitengewe sufuria yake

Mzee mmoja niliyemwanzishia dawa za kisukari alirudi kliniki baada ya miezi miwili. Nilipofungua daftari lake nilifurahi. Sukari yake ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa 14, sasa ilisoma 5.2. Uzito ulikuwa umepungua kilo sita. Nikampongeza, lakini hakutabasamu.

"Daktari, sukari imeshuka," aliniambia, "lakini nyumbani kwangu nimekuwa mgeni."

Mkewe ndiye aliyenieleza. Siku ya kwanza niliwapa orodha ya vyakula vya kuepuka, nao wakaifuata neno kwa neno. Mzee akanunuliwa sufuria yake ndogo, akawa anachemshiwa mboga bila chumvi wala kitunguu, na kukatiwa kipande kidogo cha ugali. Alipelekewa chumbani mapema, asije akaona wali wa wenzake akautamani. Zamani alikaa mkekani na wajukuu, akiwagawia nyama na kuwasimulia visa. Sasa alisikia vicheko vyao kutoka upande wa pili wa ukuta. Tena, mara mbili aliamka usiku akitetemeka na kutokwa jasho jingi.

Kosa lilikuwa langu. Niliwapa makatazo bila kuwauliza nyumbani kwao kunapikwa nini, nani anapika na wanakulaje.

Kula kidogo mno nako ni hatari

Anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari akila kidogo mno, sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Dalili ni kutetemeka, jasho, njaa kali, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Kama anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, mpime tena baada ya dakika 15, kisha ale. Akipoteza fahamu usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Hali hiyo ikijirudia, mweleze daktari ili aangalie upya dozi. Yule mzee nilimpunguzia.

Sufuria moja kwa wote

Chakula kinachomfaa mgonjwa wa kisukari kinawafaa karibu watu wote nyumbani. Watoto wa mtu mwenye kisukari cha aina ya pili nao wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuupata ugonjwa huo, hivyo sufuria ya baba ikibadilika, iwe imebadilika kwa wote.

Ugali na wali havijaharamishwa. Tazama sahani: nusu iwe mboga kama mchicha, matembele au kabichi; robo iwe maharage, samaki, dagaa, kuku au yai; robo iliyobaki iwe ugali, wali, ndizi au viazi. Dona ni bora kuliko sembe, lakini nayo ina kiasi chake. Tunda lile zima badala ya juisi.

Mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye dumu. Chumvi kwa mtu mzima isifike kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima. Ladha itoke kwenye kitunguu, nyanya, tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na nazi kidogo. Chakula kisicho na ladha hakimponyi mtu, kinamchosha tu, na akichoka atakula kwa kujificha.

Watoto wa chini ya miaka miwili wao wanahitaji mafuta ili wakue. Mchotee wake, umwongezee. Mwenye ugonjwa wa figo pia apewe ushauri wake na daktari au mtaalamu wa lishe.

Jikoni wasiachwe wachache

Familia inayobadili chakula kwa amri hurudi ilikotoka baada ya wiki chache. Inayobadili kwa kupika pamoja hudumu, kwa sababu kila mtu anaona kilichomo. Mtoto wa miaka sita anaweza kuchambua mchicha na kupembua maharage, ilimradi akae mbali na moto na maji yanayochemka. Kijana, wa kike na wa kiume, ajifunze kupika mchuzi. Nimeona kwa wanangu kwamba mboga aliyoichambua mwenyewe mtoto huionja, hata kama jana aliisukuma pembeni.

Mzee alirudi tena mwezi uliopita. Sukari ilisoma 6.8, juu kidogo kuliko ile niliyomsifia, lakini hii ilinifurahisha zaidi. Usiku alikuwa halali tena na jasho. Alisindikizwa na mjukuu wa miaka tisa, ambaye nilimuuliza siku hizi nani anapika nyumbani.

"Bibi anapika, mimi nachambua mboga," alijibu. "Babu anapima mafuta, halafu anatukatia nyama."