Shule Ipi Iliyo Bora? Namna ya Kuyasoma Matokeo ya Kidato cha Nne

Kila mwaka Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) linapotangaza matokeo ya Kidato cha Nne, wazazi wengi wa Moshi, Kibosho na Marangu hujiuliza: tuuze ng'ombe ili mtoto akasome shule ya kulipia, au abaki katika shule ya kata, ambayo tangu mwaka 2016 haidai ada?

Tangu mwaka 2023 Baraza halitangazi tena orodha ya shule kumi bora. Hata hivyo, matokeo ya kila shule yamo katika tovuti yake, wazi kwa wote. Tuyasome kwa haki.

Kwanza, tusihesabu daraja la kwanza pekee. Tutazame pia daraja la nne, sifuri na idadi ya watahiniwa. Pili, tukumbuke kwamba seminari ndogo na shule nyingi binafsi huchagua wanafunzi kwa mtihani wa kujiunga, ilhali shule ya kata huwapokea wote waliofaulu darasa la saba na kupangiwa hapo. Tatu, tulinganishe waliofanya Upimaji wa Kidato cha Pili miaka miwili kabla na waliofika Kidato cha Nne. Mathalani, walikuwa 80, wamebaki 60. Wale 20 wako wapi? Huenda walihama kwa hiari. Huenda waliondolewa ili wastani upande.

Swali hilo lituguse kwanza sisi wenye shule za Kanisa. Mchungaji mwema hakuridhika na tisini na kenda. Alimtafuta yule mmoja.