Mgongo wa Mpakizi Nao Ulindwe

Kijana wa Ringwani, wilayani Serengeti, akikosa shamba la kumtosha huishia kwenye kazi ya kubeba. Msimu wa mavuno hupakia mahindi kwenye lori, au huenda mpaka Bunda na Musoma kutafuta kibarua kwenye pamba na samaki. Huko huulizwa kama ana nguvu. Namna ya kunyanyua mzigo haonyeshwi.

Sheria yetu inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo umepambana na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, miaka mingi ili mkulima asipunjwe. Ni vita ya haki. Lakini hata hizo kilo 100 halali hubebwa na mtu. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, huweka kilo 23 kuwa kikomo cha kunyanyua hata pale mazingira yanapokuwa mazuri kabisa: mzigo uko karibu na mwili, mtu hajipindi, wala harudii mara nyingi. Gunia letu linazidi hapo mara nne, na mpakizi hushinda nalo kutwa.

Kwenye viwanda vya sangara kandokando ya Ziwa Victoria, kinachoumiza si uzito. Anayekata minofu husimama saa nyingi, shingo imeinama, mkono ukirudia mkato uleule kwenye ubaridi. Vidole huanza kufa ganzi usiku, halafu kisu kinamponyoka. Wengi huona ni uchovu tu, hujichua kwa dawa, kesho wako mezani. Mafunzo yaanzie hapo. Mfanyakazi ajue kwamba ganzi isiyoisha kwa kulala ni dalili ya kuumia, na aiseme mapema bila kuogopa kufukuzwa. Ajue kukagua meza iliyo chini mno, na kisu butu kinachomlazimisha kukaza mkono. Msimamizi anaweza kuyafundisha hayo kabla ya zamu, kwa Kiswahili cha kawaida.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu 2003, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi 2015. Lakini kibarua anayerudi kijijini na kiuno kibovu, jina lake halijaandikwa popote, atadai fidia kwa ushahidi gani?

Wenye maghala na mashine za kusaga, fungasheni kilo 50, wekeni mikokoteni, na waandikisheni vibarua wenu. Nawe unayebeba, maumivu yakianza, yaseme siku hiyohiyo.