Dawa ya Kichwa, Mbona Tumbo Linachafuka?

Mama mmoja wa huku milimani Lushoto alirudishwa kwetu na mumewe. Halali, hali, haongei. Tulikuwa tumempa fluoksetini, dawa ya sonona, akaimeza siku sita akaiacha. Ndugu walikwisha kutafuta mbuzi wa mganga. Mumewe akatuuliza: “Sista, dawa ni ya kichwa, mbona inamchafua tumbo?”

Swali zuri, na sisi wauguzi tulipaswa kulijibu kabla hajaulizwa mtu mwingine. Dawa hii hugusa kemikali iitwayo serotonini. Zaidi ya asilimia 90 ya serotonini ya mwili hutengenezwa kwenye ukuta wa utumbo, ambako husaidia kusukuma chakula. Hiyo ya utumboni haiwezi kupenya kutoka kwenye damu kuingia ubongoni. Ubongo hujitengenezea yake, wala si kila mahali. Kazi hiyo hufanywa na seli chache zilizo katikati ya shina la ubongo, karibu na panapoanzia shingo. Dahlström na Fuxe wa Sweden walizionyesha mwaka 1964. Ni kama chemchemi moja na mifereji mingi: seli za juu hupeleka serotonini sehemu za hisia, usingizi na hamu ya kula, za chini huiteremsha kwenye uti wa mgongo, panaposhughulikiwa maumivu.

Basi kidonge kikimezwa hufika kote. Tumbo husikia kwanza, na kichefuchefu mara nyingi hupungua baada ya wiki moja au mbili. Moyo huchelewa: wiki mbili hadi sita. Aliyeacha siku ya sita ameonja uchungu tu.

Wengine hutuomba wapimwe damu tuone serotonini. Kipimo hicho hakionyeshi sonona. Tena sonona si upungufu wa kemikali moja tu. Msiba, madeni, uzazi na kipigo cha nyumbani vyote vimo.

Mama yule ameanza upya, anameza baada ya uji, mumewe anahesabu vidonge. Tumemwambia mume: akitaja kufa, hasa wiki hizi za mwanzo, asiachwe peke yake, aletwe siku hiyohiyo hata kama ni usiku na ukungu. Tutamwona tena Ijumaa.